Jeshi la Udongo

Wapo watu wanaokusanya stempu, wapo wanaokusanya kanda za muziki wa zamani, na wapo, kama jirani yetu mmoja, wanaokusanya madeni. Mimi nakusanya jeshi. Usishtuke, ndugu msomaji. Jeshi langu lote linaenea kwenye maboksi manne ya viatu, halili, halidai posho, na mkuu wake wa majeshi hana cheo chochote zaidi ya kuuza mafuta ya alizeti kando ya barabara kuu hapa Singida. Lakini ni jeshi kweli. Lina wapiga mikuki 24, lina makundi 6 ya nyuki, lina maadui wake rasmi, na ndani yake limo jambo moja lililonifanya nishike kalamu. Nitafika huko. Kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana nikiutaja hapa kijiweni watu hudhani nazungumzia drafti.

Mwaka 2021 nilimsindikiza shangazi hospitalini Dar es Salaam. Siku moja ya kusubiri majibu nikazurura mjini, nikamkuta kijana kamwaga vitabu vya mitumba juu ya turubai: vya upishi, vya uhasibu, vya kumpenda Yesu, vya kompyuta ambazo hazipo tena. Katikati ya lundo lile kulikuwa na kitabu kinene cha gamba gumu, jalada lake limejaa watu wenye mashoka na mazimwi yenye meno. Nikafungua. Ndani, picha za vijeshi vidogo vilivyopakwa rangi, vimepangwa mezani kama magwaride, na majedwali ya namba kama ya kitabu cha hesabu. Nikauliza bei. "Buku tatu, bro, na hapo nakuachia tu." Nikalipa. Shangazi aliponiuliza nimenunua nini nikasema kitabu cha historia, na wala sikuwa mbali sana na ukweli.

Simu ndiyo iliyonifungua macho baadaye. Kitabu kile ni toleo la tatu, la mwaka 1987, la mchezo uitwao Warhammer, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1983 na kampuni ya Games Workshop ya Uingereza. Ni vita vya mezani. Watu wawili hukaa kila mmoja na jeshi lake la vinyago vya risasi au plastiki, kila kinyago urefu wa kama milimita 28. Unapima mwendo kwa rula, unarusha dadu kujua nani kapiga na nani kakosa, na kila askari ana pointi zake, ili jeshi la mmoja lisimzidi mwenzake kwa thamani. Jeshi linaweza kuwa la binadamu, la majitu, la mifupa inayotembea, ilimradi hesabu ikae sawa. Mchezo huo ulisitishwa mwaka 2015 ukapisha mwingine, na wazee wake wakalalamika hadi mwaka 2024 ukarudishwa kwa jina jipya. Lakini wapo wengi duniani ambao hawakusubiri kurudishiwa chochote. Hao wanacheza kwa vitabu vya miaka ya 1980, na vinyago vyao wanavipaka rangi kwa mtindo wa miaka hiyo: nyekundu iwe nyekundu, kijani iwe kijani, ngao zichorwe nyuso za kucheka. Nami kwa bahati ya shilingi 3,000 nikajikuta ni mmoja wao.

Mchezo wa namna hii una mizizi mirefu. Maofisa wa Prusia walikuwa wakifundishwa vita kwa ramani na dadu tangu mwaka 1824. Mwaka 1913 H. G. Wells, yule mtunzi wa hadithi za safari za wakati, alitoa kitabu kidogo cha kuchezea vita kwa askari wa bandia, na humo akasema wazi kwamba vita vya sakafuni ni bora mara nyingi kuliko vile vya kweli. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikaanza, na vikafika mpaka huku kwetu Tanganyika. Hakuna aliyemsikiliza. Lakini neno lake nimelibandika ukutani kichwani mwangu, kwa sababu kila anayeniona na mkuki wa udongo mkononi huniuliza kwa nini napenda vita.

Basi, nikawa na kitabu na sina jeshi. Vinyago vya dukani huku havipo, na kuviagiza kutoka nje ni kuniambia niache kula. Lakini vitabu vya enzi zile vina uzuri mmoja: vilimwachia mchezaji nafasi ya kubuni. Vilitaka hata pawe na mtu wa tatu mezani, mwamuzi, ambaye kazi yake ni kutunga kisa. Kwa nini majeshi haya yamekutana hapa? Nani anataka nini? Mshindi ni nani kama si yule aliyeua wengi? Nilipoisoma sehemu hiyo nikafunga kitabu, nikanunua kaunta buku, nikaandika juu ya ukurasa wa kwanza: LITI.

Vijana wengi wa Singida mjini ukiwaambia Liti watakwambia ni uwanja wa mpira. Ni kweli, uwanja uliokuwa ukiitwa Namfua siku hizi unaitwa Liti, na timu za ligi kuu zinakuja kufungwa pale, au kutufunga. Lakini Liti alikuwa mwanamke wa Kinyaturu. Inasimuliwa kwamba miaka ya mwanzo ya karne ya 20, Wajerumani walipokuja na bunduki zao, mama huyu aliwapiga kwa nyuki. Bunduki inalenga mtu. Nyuki anamlenga nani? Askari akitupa bunduki ili ajipigepige usoni, mambo yamekwisha. Sasa niambie wewe mpenzi wa hadithi za kubuni: mzungu gani mwenye kitabu chake cha mazimwi alishawahi kubuni kikosi kizuri kuliko hicho? Sisi tunacho, hatujakipaka rangi tu.

Nikapanga jeshi kwa pointi 1,000. Kikosi cha kwanza, wapiga mikuki 24, safu 4 za watu 6. Cha pili, makundi 6 ya nyuki, kila kundi kwenye kitako chake, mwendo wao haupimwi kwa rula bali kwa dadu, kwa sababu nyuki hapokei amri. Cha tatu, warusha mishale 10 waliokuja kama marafiki kutoka kwa Wahadzabe wa upande wa Mkalama, wachache lakini hawakosi. Liti mwenyewe, kinyago kimoja, ghali kuliko wote. Upande wa pili, askari 30 wa Wajerumani na ofisa wao mmoja mwenye kofia pana. Halafu nikaandika kikosi cha nne, ambacho kingepigana na pande zote mbili: watu-simba, 8. Nikavichora kwa penseli kando ya ukurasa, na manyoya shingoni, na makucha, na macho ya njano. Vilipendeza kwelikweli. Hapo ndipo jambo langu lilipojificha, ila wakati huo sikulijua.

Kufinyanga nilikwenda kufundishwa na Bibi, kijijini, upande wa Ilongero. Bibi alifinyanga vyungu maisha yake yote mpaka mtoto wa jicho alipomfunika, na hata sasa mikono yake inaona. Nilifika na mfuko wa udongo nilioujaza mwenyewe ziwani. Akaubonyeza kidogo, akautemea mate, akaunusa.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita toka nizaliwe, "huu ni udongo wa kupaka ukuta. Nenda kwenye kile kichuguu nyuma ya mti, chimba pale mchwa alipokufanyia kazi."

Udongo wa kichuguu ni laini, mchwa ameshauchekecha. Bibi akanifundisha kuponda vigae vya chungu kilichovunjika mpaka viwe unga, kisha kuvichanganya humo, ili kinyago kisipasuke kwenye moto. Vya dukani ni milimita 28. Udongo haukubali udogo huo, miguu inakatika. Nikavifanya virefu kama kidole gumba, sentimita 6 hivi, na vipimo vyote vya kitabu nikavizidisha mara mbili. Mikuki sikuifinyanga. Nilitumia miiba mirefu ya mgunga, ambayo tayari ina ncha kali kuliko fundi yeyote angeweza kuichonga. Ngao ni vizibo vya soda vilivyopigwa nyundo vikawa bapa. Bunduki za askari ni vipande vya spoku za baiskeli.

Nyuki walinitesa wiki nzima. Ukimfinyanga nyuki mmoja mmoja anakuwa mkubwa kama kuku. Mwisho nikachomoa njiti za fagio la nyasi, nikazichomeka kwenye kitako cha udongo mbichi kama nywele, na kwenye ncha ya kila njiti nikagandisha punje moja ya ulezi kwa gundi baada ya kuchoma. Ukipuliza, kundi lote linayumba. Mizinga yao ni vipande vya bua la mtama, kila kipande urefu wa kidole, kimelazwa kama mzinga wa gogo ulivyolazwa mtini. Bibi alipopapasa kundi la kwanza alicheka mpaka akakohoa. "Hawa wana asali?"

Vinyago vinakauka kivulini siku 7, si juani. Halafu shimo, mavi makavu ya ng'ombe, kuni juu, na subira. Mwali wa kwanza ulikuwa na vinyago 40, vilipona 29. Vingine viliruka kwa mshindo kama mahindi ya bisi, kwa sababu unyevu ukibaki tumboni mwa udongo lazima utafute njia. Bibi hakusikitika. Alisema jeshi lisilopoteza mtu halijaondoka nyumbani.

Rangi ni habari nyingine. Nina rafiki fundi wa mabango karibu na stendi, anayeandika "Duka la Dawa" na "Hapa Tunauza Kuku wa Kienyeji" kwa mkono, kazi inayokufa taratibu tangu zije mashine za kuchapa mabango. Makopo yake yaliyobaki kidogo ndiyo hazina yangu. Ni rangi ya mafuta, ile ile ya geti na baiskeli. Usiidharau: Edward Saidi Tingatinga alianzia hapo hapo mwishoni mwa miaka ya 1960, rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Unaichanganya na tina kidogo mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Kwanza kinyago chote kinapakwa nyeusi. Halafu rangi kuu, lakini huifikishi kwenye mikunjo, unaacha weusi ubaki ndio kivuli. Halafu brashi kavu: unachovya, unaifuta kwenye gazeti mpaka ikaribie kuisha, unaipitisha juu juu, nayo inashika mahali palipoinuka tu, kwenye pua, kwenye vifundo vya mikono, kwenye ukingo wa ngao. Dakika moja, na donge la udongo linakutazama. Macho yanatiwa kwa ncha ya mwiba.

Kwenye picha za kitabu cha mwaka 1987 kila kitako kimepakwa kijani kibichi, nyasi za Uingereza. Mimi nilifanya hivyo kwa vinyago vitano tu, nikavitazama, nikaona wamesimama ugenini. Singida ni kijani miezi michache, baada ya hapo ni ardhi nyekundu na mawe. Nikapaka gundi, nikanyunyizia mchanga wa Ziwa Singida, nikaupaka kahawia na kuugusa kwa njano ya majani makavu. Na mawe ya uwanja wa vita sikuyatengeneza. Wazungu wanachonga miamba kwa sponji. Sisi tumezaliwa katikati ya majabali ya matale, unainama tu unaokota.

Jambo moja nililigundua wakati wa kupaka ngozi. Nilikuwa nimechanganya kopo moja la kahawia kwa ajili ya watu wa Liti, nikamaliza wote 24, nikageukia askari wa Wajerumani. Kaki kwa sare, sawa. Lakini uso? Nikakumbuka: askari wa Mjerumani walikuwa Waafrika. Wanyamwezi, Wamanyema, Wasudani, mseto. Ofisa ndiye mzungu, mmoja kati ya 31. Nikachovya brashi kwenye kopo lile lile. Rafiki yangu fundi alikuwa pembeni anakunywa chai, akatazama meza kwa muda. "Sasa hapa adui ni yupi, mshikaji?" Nikamwambia aangalie nguo. Akasema, "Mh."

Sasa watu-simba.

Kila mtoto wa Singida amewahi kulazwa usingizi kwa kutishiwa nao. Mimi kwangu walikuwa jambo la kitabuni, kama yale mazimwi ya Wazungu, ila wa kwetu. Nilikwenda kijijini na udongo wangu, nimekaa na Bibi chini ya mti, yeye ananikandia, mimi nafinyanga. Akauliza, "Leo unatengeneza nani?" Nikamwambia watu-simba, wanane. Mikono yake ikasimama ndani ya udongo.

Hakunikaripia. Alikaa kimya mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa sijang'oka meno ya mbele."

Alikuwa na dada. Alikwenda kisimani na wenzake wawili saa za alasiri, wenzake wakarudi. Mtungi ulikutwa njiani, mzima, umesimamishwa kwenye jiwe kama umewekwa na mtu asiyetaka umwagike. Wakubwa wakasema ni simba. Wanaume wakatoka na mikuki, simba wakampata, wakamuua, wakarudi wakiimba. Wiki haijaisha mtoto wa nyumba ya pili naye akachukuliwa. Tangu hapo ng'ombe waliingizwa zizini jua likiwa juu, na mama yake Bibi hakuwahi tena kumtuma mtoto maji. Aliyachota mwenyewe mpaka alipozeeka.

Niliporudi mjini nilisoma kila nilichoweza kukipata. Si hadithi. Mwaka 1946 na 1947 watu wengi waliuawa vijijini hapa Singida, wakiwamo watoto, na mwanzoni vifo hivyo vilidhaniwa ni vya simba. Serikali ya mkoloni Mwingereza ilipochunguza ikakuta mikono ya binadamu, watu waliovaa ngozi na kuacha alama za makucha, na kesi zikafika mahakamani. Mmarekani Harold Schneider, aliyeishi na Wanyaturu karibu na mwaka 1960, aliandika juu yao, akaihusisha habari hiyo na mivutano ya wanaume na wanawake katika jamii. Yaani mtaalamu aliuliza sababu. Bibi hakuwahi kuulizwa jina la dada yake.

Niliporudi kijijini nilikuwa tayari kuwafuta katika daftari. Nilimwambia, "Bibi, nimewaacha. Siwatengenezi."

"Kwa nini usiwatengeneze?" akasema. "Walikuwapo."

"Si ulikasirika?"

"Nilikasirika kwa sababu ulisema una simba wanane. Simba hana hatia, mume wangu. Watu walimsingizia simba. Ukiwafinyanga, wafinyange watu."

Ndugu msomaji, wewe unayeandika au unayetaka kuandika, nakuomba ulipime neno hilo kwanza. Mazimwi ya kitabu changu yamezaliwa mazimwi. Yana rangi yao, macho yao, hakuna anayewauliza walikula nini jana. Ndiyo raha ya hadithi za namna hiyo: mbaya unamjua kwa sura. Bibi alikuwa ananinyima raha hiyo, na alikuwa na haki.

Basi nikawafinyanga upya. Ngozi ya simba imewafunika mgongoni, lakini kifuani nimeuacha uzi wa kushonea uonekane, mshono mkubwa wa shazia. Makucha ni chuma, yamefungwa kwa kamba kwenye viganja. Miguuni wana vidole vitano, vya binadamu, nilivihesabu kimoja kimoja kwa ncha ya mwiba. Na nyuso chini ya manyoya nilizipaka kutoka kopo lile lile la kahawia. Ni mara ya tatu kopo hilo kutumika, na lilikuwa linaisha.

Sheria nayo ikabadilika. Katika kitabu, zimwi hutia hofu: kikosi kikikutana nalo kinarusha dadu, kikishindwa hakisogei. Nikaandika hivi: watu-simba wanatia hofu kwa mbali tu. Mtu yeyote akiwakaribia chini ya sentimita 10, akauona uso, hofu inakwisha, na kuanzia hapo wanapigwa kama watu wengine. Rafiki yangu fundi alisema sheria hiyo inawafanya wawe dhaifu mno. Nikamwambia, ndiyo.

Siku ya kuchoma, Bibi alikuja shimoni ameshika kitu kwenye upande wa kanga. Alikuwa amefinyanga mwenyewe, usiku, gizani, na kwake giza na mwanga ni mamoja. Msichana, mdogo kuliko vinyago vyangu vyote, mkono mmoja juu umeshika mtungi kichwani. Hakumpa uso, ila shingo ile, na namna kiuno kilivyoegemea upande mmoja kuusawazisha mzigo, mimi na vitabu vyangu vyote siwezi. Hakutaka awekwe na wengine. Akamwingiza ndani ya chungu kidogo, akakifunika kwa kigae, akakitia kwenye jivu pembeni ya moto. Mwali ule ulinivunjia vinyago 6. Yeye alitoka mzima.

Nikamuuliza apakwe nini. Kaniki, akasema, na shanga nyeupe shingoni, mstari mmoja, walikuwa na mstari mmoja tu. Rangi ya ngozi ilipatikana kwa kukwangua mdomo wa kopo.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Mchezo huu hajawahi kuupenda. "Wenzako wanajenga, wewe unacheza udongo kama mtoto wa chekechea." Simlaumu. Mtu aliyesomesha watoto kwa mshahara wa ualimu ana haki ya kuuliza udongo unalipa shilingi ngapi. Jioni moja aliingia chumbani kwangu kutafuta chaja, akamwona msichana yule peke yake juu ya meza, rangi haijakauka. Akauliza ni nani. Nikamwambia ni dada yake Bibi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Miaka 61, na hakuwa amewahi kusikia kwamba ana mama mkubwa aliyekufa mtoto. Aliketi kitandani. Hakuniambia neno, ila Jumamosi iliyofuata alipanda basi kwenda Ilongero peke yake, akakaa huko siku mbili. Walichozungumza na mama yake hakijanihusu, sikuuliza.

Jumapili mchana tunacheza, nyuma ya banda la mabango, meza ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya madumu. Tulianza wawili, siku hizi tunakuwa hata wanane, wengine wanakuja kubisha tu kuhusu sheria. Kisa ni kimoja, nimekiandika mimi kama mwamuzi wa tatu anavyotakiwa. Msichana anaanzia upande wa kisima, anakwenda nyumbani, urefu wote wa mlango. Anatembea sentimita 8 kwa zamu. Liti ana vita vyake, Mjerumani ana vyake, watu-simba wako kwenye majabali. Hana silaha, haongozwi na upande wowote, na anayemlinda hapati pointi hata moja. Mara ya kwanza fundi alishika rula akauliza, "Huyu thamani yake pointi ngapi? Naona hujaandika." Nikamwambia sikuandika. Alinitazama, akakihamisha kikosi chake cha askari wa Mjerumani, kizima, kikaenda kusimama kati ya majabali na njia. Akashindwa vita siku ile vibaya sana.

Tumecheza mara 9. Amefika nyumbani mara 6.

Bibi sasa anaishi nasi mjini, mguu unamsumbua. Haji bandani, jua kali. Lakini Jumapili jioni nikiingia na maboksi yangu huwa ananisubiri mlangoni kwenye kigoda, ananyoosha mkono, anampapasa mmoja mmoja mpaka anaufikia mtungi. Swali lake ni moja.

"Amefika?"

Wiki iliyopita nyuki walikwenda kombo, dadu zikatukataa, mstari ukakatika. Nilifikiria kumdanganya, kisha nikamwambia kama ilivyokuwa: leo hakufika.

Akamrudisha mkononi mwangu.

"Basi," akasema, "Jumapili mumpange tena."